Pijo ya Mikebe: Visa vya Nyumba Moja ya King'ong'o

Kisa cha kwanza: Ubishi

Nyumbani kwetu King'ong'o, pembeni mwa mji wa Nyeri, hatujawahi kugombania shamba wala siasa. Tumegombania gari, tena gari la kukaa juu ya rafu. Baba mkwe wangu, ambaye watoto humwita Guka, alitangaza kwamba kabla mvua ndefu hazijaanza ataunda mfano wa gari la Safari Rally ya zamani, kila kiungo kwa kipimo chake. Hakuna aliyempinga. Ubishi ulikuja alipoulizwa: gari lipi?

Yeye alitaka Peugeot 404, Pijo yenyewe. Hoja zake zilikuwa nzito. Gari hilo lilitoka mwaka 1960, umbo lake likiwa limechorwa na Pininfarina wa Italia, na muongo ule ule likaitawala Safari. Nick Nowicki na Paddy Cliff walishinda nalo mwaka 1963. Bert Shankland na Chris Rothwell wa Tanzania wakashinda nalo 1966 na 1967. Mwaka 1968 Nowicki na Cliff wakarudia. Guka aliinua vidole kueleza ugumu wa ushindi wa Nowicki: mwaka 1963 ni magari 7 tu yaliyofika mwisho, na 1968 yakafika 7 tena. Mengine yote yalibaki njiani, kwenye matope na mitaro ya Afrika Mashariki.

Mume wangu alitaka Datsun 240Z, lile gari lenye boneti ndefu aliloshinda nalo Edgar Herrmann mwaka 1971 na Shekhar Mehta mwaka 1973. Alimtetea Mehta kwa moyo wote: mzaliwa wa Uganda aliyekuja kuwa fahari ya Kenya, aliyemaliza mwaka ule akiwa sawa kwa alama na Harry Källström, akapewa ushindi kwa sababu alikwenda mbali zaidi bila adhabu, kisha akashinda tena mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Zaidi ya hayo, alisema mume wangu, kampuni ya Hasegawa ya Japani inauza Datsun hiyo ya Safari ndani ya sanduku, kwa kipimo cha 1 kwa 24, pamoja na vibandiko vyake. Ni kuunganisha tu.

Kijana wetu alimtaka Patrick Njiru na Subaru Impreza ya mwaka 1994, mwaka ambao Ian Duncan alishinda kwa Toyota na Njiru akashika nafasi ya nne. "Huyo ni wa kwetu, Guka," alisema.

Guka aliwasikiliza wote, kisha akafunga mjadala kwa sentensi moja: "Hiyo Pijo niliishika kwa mikono yangu." Tulijua alikuwa fundi wa magari ujana wake wote, kwa hiyo tulidhani anazungumzia spana na grisi. Hatukuuliza zaidi. Pijo ikapita.

Kisa cha pili: Mikebe ya Cucu

Guka aliamua kipimo cha 1 kwa 10. Pijo 404 ina urefu wa takriban mita 4.44, na kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 2.65. Kwa hiyo gari letu lingekuwa na sentimita 44 na ushei, na magurudumu yake yangeachana kwa sentimita 26 na nusu. Alichonga kwanza gogo la mjakaranda likawa na umbo la gari zima, mabega yaliyonyooka, mapezi madogo yaliyochongoka nyuma, kioo cha mbele kilicholala kidogo. Juu ya gogo hilo angekunja bati, aligonge polepole kwa nyundo ya mpira hadi likubali umbo.

Hapo ndipo uchaguzi wa bati ulipoleta msiba. Mabati ya paa hayafai kwa kazi ndogo: ni manene, yanapinda kwa shida, na zinki iliyo juu yake husumbua wakati wa kulehemu. Bati zuri kwa gari la mfano ni lile la mikebe ya chakula, chuma chembamba kilichopakwa stani, ambacho hukatwa kwa mkasi na kushika lehemu mara moja. Watoto wa vijiji vya Mlima Kenya wamelijua jambo hilo vizazi vingi, ndiyo maana magari yao ya waya yana boneti za mikebe. Lakini siku hizi mafuta ya kupikia huja kwenye ndoo za plastiki. Mikebe ya chuma ya Kimbo, ile mikubwa ya zamani, imebaki mahali pamoja tu: stoo za akina mama waliojua kuhifadhi.

Stoo ya mama mkwe wangu, ambaye watoto humwita Cucu, ilikuwa na safu nzima. Ndani ya mikebe ile Cucu aliweka mbegu za maharagwe za msimu, kila mkebe na aina yake, kila aina imechanganywa na jivu kuzuia wadudu, imefunikwa barabara. Jumapili moja, Cucu akiwa ibadani, Guka aliingia stoo na karai. Alimimina mkebe wa kwanza, akamimina wa pili, akamimina wa tatu, yote ndani ya karai lile lile. Kisha akaketi kivulini na mkasi wa bati akaanza kufungua mikebe ile kwenye maungio.

Cucu aliporudi, hakupiga kelele. Aliinama, akatia mkono ndani ya karai, akaacha maharagwe yapite katikati ya vidole. Njahi nyeusi zenye jicho jeupe, mwitemania za rangi ya maziwa zenye madoadoa ya kahawia, nyayo nyekundu zenye mabaka. Zote zilikuwa zimeingiliana.

"Baba watoto," alisema, "umechanganya shamba langu lote ndani ya karai moja."

Guka aliweka mkasi chini. Mikebe mitatu ilikuwa tayari vipande bapa vinavyong'aa.

Asiyelima anaweza kudhani maharagwe ni maharagwe. Kwa Cucu kila aina ina kazi na mahali pake. Mwitemania huiva mapema, kwa hiyo huenda kwenye sehemu ya chini ya shamba ambako udongo hukauka haraka. Mvua ikikatika kabla ya wakati, hiyo ndiyo inayookoa sufuria. Nyayo hupandwa juu, ambako pana rutuba, kwa sababu punje yake ni nene na hununuliwa vizuri sokoni Karatina. Njahi hupewa nafasi ya kutambaa pembeni, ikisubiri siku ambayo kuna mzazi aliyejifungua au sherehe inayohitaji chakula cha heshima. Mbegu zikichanganyika, moja imeshakauka wakati nyingine bado ina maua, na mvunaji hukanyaga cha leo akitafuta cha kesho.

Kisa cha tatu: Jioni za kuchambua

Cucu alitoa hukumu: hakuna bati litakalokunjwa hadi karai lichambuliwe. Kila jioni baada ya chakula meza ilifutwa, mbegu zikamwagwa katikati, na nyumba nzima ikaketi kuzizunguka. Njahi zilitoka kwanza kwa urahisi. Mwitemania na nyayo zilihitaji macho, hasa zile punje zilizofifia kwa sababu ya jivu.

Ilikuwa kazi ya kuchosha, lakini mikono ikiwa na shughuli midomo hufunguka. Guka alianza kuwaeleza watoto jinsi Safari ilivyozaliwa, na kwamba kamba ya kitovu chake iko karibu na kwetu. Februari 1952 binti wa mfalme wa Uingereza, Elizabeth, alilala Treetops, ile hoteli ya juu ya mti ndani ya msitu wa Aberdare, si mbali na mji wetu. Usiku ule baba yake alifariki Sandringham, Uingereza, na habari zikamfikia binti akiwa Sagana Lodge, miguuni mwa Mlima Kenya. Mwaka uliofuata, 1953, wapenda magari wa Nairobi waliandaa mashindano ya kusherehekea kutawazwa kwake, wakizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Hayo ndiyo yaliyokuja kuitwa East African Safari, kisha Safari Rally. Guka hakuficha upande wa pili: mwaka 1953 wengi wa nyumba hizi walikuwa chini ya hali ya hatari, na mwaka 1954 wapiganaji wa Mau Mau waliichoma Treetops ile. Mashindano yaliyokuja kupendwa na watoto wa Nyeri yalianza kama sherehe ya watu wengine.

"Basi yalikuwaje yetu?" aliuliza kijana wetu.

"Kwa tope," akajibu Guka.

Safari ilikimbizwa wakati wa Pasaka, na Pasaka ya mlima ni mvua. Mara nyingi njia ilizunguka Mlima Kenya, kupitia Nyeri na Nanyuki, ikashuka Meru na Embu, kwenye barabara za udongo mwekundu unaogeuka utelezi kwa manyunyu ya dakika chache. Mtu wa kiwandani Ulaya angeweza kuwa na injini kali kuliko zote, lakini kwenye udongo ule aliyeshinda ni yule aliyejua kusubiri, kurekebisha na kuomba msaada. Ndiyo maana Joginder Singh, fundi mzaliwa wa Kericho, alishinda mwaka 1965 akiwa na ndugu yake Jaswant ndani ya Volvo PV544 iliyokwisha kutumika. Alishinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer, na katika Safari 22 alizoshiriki alifika mwisho mara 19. Kwa Guka, hesabu ile ya 19 ina thamani kuliko vikombe vitatu.

Cucu, aliyekuwa kimya muda wote, aliongeza lake bila kuinua macho kwenye mbegu. "Na mimi nilikuwa barabarani. Magari yalipita usiku. Sisi wasichana tulikuwa na sufuria za chai na nduma. Watu walikuwa wanasubiri kwenye baridi hadi alfajiri, nani angewalisha?"

Watoto walimtazama kana kwamba wamemwona mara ya kwanza. Hata mimi, mkwe wake wa miaka yote hii, sikuwahi kulisikia.

Mbegu zikaisha kuchambuliwa, Cucu akapanda kwa wakati. Bati likaruhusiwa.

Kisa cha nne: Rangi na jiko

Guka alifanya kazi taratibu. Milango minne ikafunguka kwa bawaba za waya. Injini ya 404 huegemea upande kwa nyuzi 45 ili boneti ikae chini, na ingawa ni mtu mwenye kiberiti na miwani tu angeweza kuiona, Guka aliiegemeza vivyo hivyo. Magurudumu yalikatwa kwenye raba ya akala. Kijana wetu, mjuzi wa magari ya waya, ndiye aliyeunda usukani unaogeuza magurudumu ya mbele kweli. Mabonde madogo ya nyundo yalijazwa fila, yakasuguliwa kwa msasa na maji. Ilipofika Julai, gari lilikuwa tayari kwa rangi.

Julai ya Nyeri si mwezi wa rangi. Mji uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kati ya Aberdare na Mlima Kenya, na msimu huo ukungu hukaa hadi saa sita. Rangi ilikuwa nyekundu iliyokoza, ya magari, iliyochanganywa na thina. Guka alipuliza asubuhi. Ndani ya dakika chache wekundu ule ukafunikwa na weupe mithili ya uji uliomwagika. Akasugua, akapuliza tena, ukarudi.

Fundi mmoja wa kupaka magari rangi mjini alimweleza sababu, nami naiandika kwa faida ya yeyote atakayejaribu kazi hii milimani. Thina hukauka kwa kasi, na inapopanda hewani huchukua joto la chuma. Bati likipoa kuliko hewa iliyolizunguka, unyevu wa ukungu hugeuka matone madogo mno juu ya rangi ambayo bado ni mbichi, na matone hayo hunaswa humo. Rangi haijaharibika, imemeza maji. Dawa yake ni thina inayokauka polepole, au chuma chenye joto na hewa kavu.

Mume wangu alisikia neno "joto" na hakusubiri mengine. Jioni ile alipeleka gari stoo, akawasha jiko la makaa, akaliweka chini ya rafu, akafunga mlango na dirisha ili joto lisitoke. Mkebe wa thina ulikuwa wazi sakafuni.

Cucu alikuwa jikoni akimenya viazi vya mukimo. Alisimama ghafla, akanusa, akatoka nje bila kuvaa viatu. Alisukuma mlango wa stoo hadi mwisho, akashika jiko kwa kanga yake, akalibeba hadi katikati ya uwanja. Kisha akarudi, akafunika thina, akafungua dirisha. Alifanya hayo yote kabla yeyote kati yetu hajaelewa kinachotokea.

"Thina na makaa ndani ya chumba kimoja," alimwambia mwanawe. "Hiyo ingelipua paa. Na kama isingelipuka, moshi usioonekana wa makaa ungekulaza humo humo. Mlima huu umezika watu waliofunga mlango wakiota jiko."

Mume wangu aliketi juu ya kigoda cha kukamulia ng'ombe, na kwa muda mrefu hakusema neno. Mimi nilimshika Cucu mkono, ulikuwa umeungua kidogo kwenye kidole gumba. Gari lolote duniani, la mfano au la kweli, halina thamani ya kidole kile.

Tangu hapo sheria ya nyumba ni moja: rangi hupulizwa nje, saa saba mchana, siku ya jua. Guka alisubiri ukungu upishe. Siku ilipokuja aliliweka bati juani hadi likawa la moto mkononi, akapuliza utando mwembamba, akasubiri, akapuliza mwingine. Wekundu ulibaki wekundu.

Kisa cha tano: Chai ya chama

Gari liling'aa, na hilo ndilo lililomsumbua Guka. "Hii ni Pijo ya dukani," alisema. Safari bila tope kwake ilikuwa uongo.

Tope la gari dogo lina shida yake. Ukipaka udongo wa kawaida, kila chembe inaonekana kubwa mno. Kwa kipimo cha 1 kwa 10, punje ya mchanga ya milimita moja inakuwa jiwe la sentimita moja. Udongo lazima ukaushwe, utwangwe, uchungwe mara nyingi hadi uwe vumbi, ndipo uchanganywe na gundi iliyotiwa maji na kupakwa kwa brashi: mzito chini ya milango, mwepesi kuelekea madirishani, mkavu kabisa pale ambapo vifuta kioo vimepita. Kijana wetu alitafuta chujio laini kuliko yote nyumbani. Alilipata likining'inia juu ya sinki: chujio la chai.

Siku iliyofuata ilikuwa zamu yetu kupokea chama cha Cucu. Wamama walifika kutoka Kiganjo na Mukurwe-ini, wakaketi, mandazi na nduma zikapangwa, chai ya maziwa ikamiminwa. Mama mmoja alionja, akasita, akaangalia ndani ya kikombe. Chini ya chai palikuwa na mstari mwekundu.

"Nimekunywa udongo huu nikiwa msichana," alisema. "Ila wakati huo nilijua unatoka wapi."

Cucu alitaka kuikusanya chai yote kwa aibu, lakini mama yule alikuwa ameshauliza udongo umeingiaje. Kijana wetu akaletwa, akaeleza kwa heshima, akaomba radhi, akalileta gari. Chai mpya ikachemshwa, na mkutano wa chama ukageuka kitu kingine kabisa. Kila mmoja wa mama wale alikuwa na Safari yake: aliyekesha kando ya barabara na mtoto mgongoni, aliyetupiwa tope hadi kitambaa cha kichwa kikabadilika rangi, ambaye kaka yake aliacha ng'ombe malishoni akachapwa. Mmoja alipindua gari taratibu, akagusa vyuma viwili vidogo Guka alivyovilehemu nyuma, juu ya bampa.

"Hivi ni vya kusukumia," alisema.

Guka, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliingia. Magari mengi ya Safari yalifungwa vishikio kwenye buti na mahali pa kukanyaga kwenye bampa. Gari likikwama, mwenzake dereva alishuka, akapanda nyuma, akaning'inia ili uzito wake usaidie magurudumu kushika ardhi. Na alipokuwa peke yake hakutosha. Vijana wa kijiji walitoka gizani na kuweka mikono yao pale pale.

"Mimi nilikuwa mmoja wao," alisema Guka. "Sikujua nambari ya gari wala jina la dereva. Ilikuwa Pijo, ilikuwa usiku, tope lilinifika magotini. Tulisukuma mpaka ikatoka. Haikutuaga, isingeweza kusimama. Hapo ndipo nilipoishika kwa mikono yangu."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Ufundi wa gereji ulikuja baadaye. Kilichotangulia ni usiku ule. Vitabu vya Safari vimejaa majina ya washindi, na wanastahili. Lakini hakuna gari lililozunguka mlima huu katika Pasaka ya mvua bila mikono ya watu wa Nyeri, Meru na Embu, na chai ya wasichana wao, na hakuna kitabu kilichoorodhesha mikono hiyo. Naamini kwamba gari la mfano lina kazi hii: kuwapa wazee kitu cha kugusa ili waseme walichofanya. Tuliishi na Guka miaka yote bila kulijua hilo. Ilihitaji mikebe mitatu ikatwe.

Kabla wamama hawajaondoka, kijana wetu aliuliza tena kuhusu Subaru, mume wangu akakumbusha Datsun, na ubishi ungeanza upya kama Cucu asingesimama. Alitaka kujua kama kuna mwanamke aliyewahi kumaliza Safari mbele. Mume wangu alimweleza kuhusu Michèle Mouton wa Ufaransa, aliyeshika nafasi ya tatu mwaka 1983 kwa Audi Quattro, nyuma ya Ari Vatanen na Hannu Mikkola. Chama kizima kilipiga makofi.

"Basi gari linalofuata ni hilo," Cucu alisema, "na mikebe nitaitoa mwenyewe."

Guka ameshachora. Audi ile ina urefu wa takriban mita 4.40, kwa hiyo rafu ya Pijo inatosha bila kuongezwa ubao. Masharti ya Cucu yamebandikwa kwenye mlango wa stoo kwa mwandiko wa mjukuu wake: rangi ni nje na mchana, chujio la udongo linunuliwe na lisilale jikoni, na kabla mkasi haujagusa mkebe wowote, mbegu zihamishwe kwanza, kila aina kwenye chombo chake.